Kimashine cha Povu

Jumatatu, 3 Machi

Kitinda mimba wetu amefika. Mama anaumwa mwezi mzima, yeye ndiyo kwanza anatia mguu — na mkononi kashika nini? Si matunda, si shuka. Kimashine! Kijiti cha betri, nchani kina waya unaozunguka. Cha kupigia maziwa povu. Eti kazini kwao kila mtu anacho nyumbani. Hongera zao!

Homa imemtoka mama, lakini imemwachia macho hafifu na chakula hataki hata kukisikia. Nesi alisema wazi: Jumatatu ijayo atakuja kumpima, akikuta amezidi kukonda anamrudisha wodini, alishwe kwa mpira wa puani. Na huyu ananiletea mchezo wa watoto.

Nimepika uji laini. Mama kabana mdomo.

Jumanne, 4 Machi

Jiko langu jamani! Bwana Povu kakiwasha kimashine kwanza, ndipo akakizamisha. Maziwa hadi kwenye pazia, hadi kwenye sare za wanafunzi nilizomaliza kushona jana. Yeye akacheka. Mimi nikafua.

Kisha akanipa darasa: maziwa yawe moto ila yasichemke, kikombe nusu, uzamishe ndipo ubonyeze. Mimi! Nimechemsha maziwa yeye hajaota hata meno.

Na povu lenyewe ni kitu gani? Hewa. Kikombe kimefurika, unakunywa, unaambulia masharubu.

Jumatano, 5 Machi

Mama amekula.

Povu. Kijiko, kingine, kingine tena, hadi maziwa yaliyokaa chini. "Asante, baba," anamwambia. Yeye ni baba. Mimi zamani nilikuwa "mama", siku hizi naitwa "wewe".

Nilisimama mlangoni na bakuli la uji. Nilifurahi, sitasema uongo. Na nilitamani kukitupa kile kimashine chooni. Kutwa namgeuza, namwogesha, namfulia; anakuja mtu na hewa, anashangiliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mbona mwenyeji ndiye anayeugua?

Ijumaa, 7 Machi

Tumegombana. Nilimuuliza hilo povu lake lina dawa gani. Akajibu polepole, macho chini: si povu, dada. Eti mimi namlisha mama huku namkemea. Eti "fungua mdomo, mbona unanitesa" haimshushi mtu chakula. Yeye anampigia soga, basi, mama anasahau kukataa.

Soga! Mtu aliye likizo atakosaje soga? Mimi nina sare za shule nzima na mgonjwa wa kugeuza. Nikamwambia akae yeye, amlishe mwaka mzima, tuone hizo soga zitafika wapi. Akaenda kupiga povu lake.

Jumamosi, 8 Machi

Ameondoka, likizo imeisha. Kimashine kakiacha juu ya friji. Ukarimu huo!

Mchana uji — hapana. Jioni supu — hapana. Na sikumkemea! Nilijizuia hadi taya zikauma. Kaligusa bakuli, kageukia ukutani.

Jumapili, 9 Machi

Nesi ni kesho asubuhi. Tangu jana mama kanywa maji tu. Naogopa. Ule mpira wa puani atauchomoa, watamfunga mikono, namjua mama yangu.

Nimefunga mlango wa jikoni. Jirani asije akaniona, jinsi nilivyomsema yule kijana mtaa mzima! Maziwa moto, hayajachemka. Kikombe nusu. Nimezamisha, ndipo nikabonyeza. Limetoka povu zito, limesimama. Hata sina pa kulitoa kasoro.

Mara mama akaita kutoka chumbani. Sauti niliyodhani imekwisha.

"Baba! Umerudi?"

Kakisikia kimashine. Furaha iliyomo humo! Mimi hajaniita hivyo tangu augue. Na kwa macho yale, mlangoni ataona mtu tu, hatajua nani. Nikisema ni mimi, atageukia ukutani. Yule mtoro kesharudi kazini kwake, bado ndiye anayeitwa.

Naandika nimesimama, daftari kando ya jiko, maana mikono lazima niishughulishe na kitu. Povu linaanza kushuka.

"Baba? Mbona huji?"

"Naam, mama," nimeitika. Kwa sauti nene.

Sasa itabidi niingie.