Nafasi Katikati ya Mabenchi

Dada Spesi,

Mwaka jana nilikwenda chuoni, hapa Kigoma, kuandika habari ya uwanja mpya wa kupumzikia wanafunzi. Ilikuwa habari ndogo, aya sita. Hii ninayokuandikia haikuwa ya gazeti.

Unakumbuka siku za mgao wa chakula kule kambini, ukimbizini. Ulivaa ndala mikononi, ukajivuta kwenye vumbi jekundu kwa kasi iliyonilazimu kutembea haraka. Wenye ulemavu walikuwa na mstari wao, mfupi, mbele kabisa, chini ya turubai. Hukuutaka. Ulikwenda kukaa kwenye foleni ndefu, kati ya akina mama wenye ndoo na watoto mgongoni, na kabla hatujaufikia unga ulikuwa unajua nani amejifungua, nani kafika jana na lori, wapi nyumba zimechomwa. Nilikuuliza kwa nini unachagua jua na kivuli kipo. "Pale mbele wanagawa unga," ulisema. "Huku nyuma wanagawa habari."

Siku moja nilichoka kusubiri. Nilikuwa na miaka ishirini, mgongo imara, na nilijiona ndugu mwema. Nikakubeba.

"Niweke chini, we Deo! Mimi si gunia!"

Mama mmoja mwenye ndoo akapaza sauti: "Kama hutaki, dada, shuka nipande mimi!" Foleni ikaangua kicheko. Nikakufikisha mbele. Muda mfupi baadaye tulikuwa na unga, maharage na mafuta, na nilijisifu njia nzima.

Wiki tatu zikapita ndipo tukasikia kwamba mwishoni mwa foleni ile alisimama mwanamke wa kwetu, akiuliza kama kuna anayewafahamu watoto wa mama yetu, tuliyepotezana naye tukikimbia. Alikuwa amemwacha mama hai, kwenye kambi nyingine. Tulipomtafuta alikuwa ameshahamishwa, na hakuna aliyejua kambi aliyoitaja. Masika yote yalipita ndipo tukampata mama. Hukunigombeza. Ulisema mara moja tu, ukiosha ndala zako: "Ulinibeba ukanipitisha pembeni ya mama."

Basi, chuoni. Kiwanja kiko kwenye mteremko unaotazama ziwa. Msanifu majengo, kijana mpole, alitandaza mchoro mezani: mabenchi ya zege yakishuka kwa ngazi hadi kwenye michikichi. Juu, pembeni, palikuwa na kibaraza chenye paa na njia laini isiyo na ngazi, kwa ajili ya wenye viti mwendo.

"Hawa tumewapa sehemu nzuri kuliko wote," alisema. Ilikuwa kweli.

Wakubwa wa chuo waliokuwa kikaoni wakamwuliza Neema, mwanafunzi wa mwaka wa pili anayetumia kiti mwendo, aliyeitwa kutoa maoni. Akajibu, "Nashukuru, ni pazuri."

Nimeandika "nashukuru" nyingi katika kazi hii, Dada. Nyingi nilizipata kambini, kwa watu waliozungukwa na wageni wenye karatasi. Nimejifunza kuitambua ile inayosemwa ili kikao kiishe.

Mwandishi hatoi maoni kwenye kikao cha watu. Anauliza. Nikamwuliza, "Neema, rafiki zako watakaa wapi hapo?"

Akautazama mchoro. "Chini, kwenye michikichi. Hao wanapenda kelele."

"Na wewe?"

"Mimi juu huku, nawapungia mkono kama mgeni rasmi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Msanifu akashika penseli. "Kwa hiyo nifute kibaraza?"

"Kibaraza kibaki, kaka, mvua zipo. Mimi nataka kufika pale wanaponisengenya."

Walikaa juu ya mchoro ule hadi chai ikapoa. Njia ikapindishwa mara mbili ili isiwe kali, ikafika hadi chini. Kila safu ya mabenchi ikakatwa, ikaachwa nafasi ya kiti mwendo kimoja. Msanifu alitaka kuiweka mwishoni mwa safu. Neema akasema katikati. Ikawa katikati. Habari za mgao sikuzisimulia. Hakuna aliyeniuliza.

Jana nilipita pale. Uwanja umeshafunguliwa. Neema alikuwa katika nafasi yake, rafiki wawili kulia, watatu kushoto, mmoja ameegemeza mguu kwenye gurudumu lake. Walikuwa wanamteta mtu. Nikasimama kusikiliza, kama ulivyonifundisha, mpaka wakaniona wakanyamaza. Katika safu ya nyuma yao nafasi ilikuwa wazi. Ingekutosha wewe na ndala zako.

Umelala kwetu, ng'ambo ya mpaka, karibu na kaburi la mama, tangu mwaka wa pili baada ya kurudi. Ulipanda lori la kurudi nyumbani kabla sijakuambia neno kuhusu siku ile, na mimi ndiye mwenye kazi ya maneno. Nalisema sasa. Ulisema nikuweke chini, nami nilisikia. Nisamehe.

Pumzika, Dada.

Ni mimi mdogo wako, ambaye siku hizi husimama nyuma ya foleni.