Base ya Éliezer

Bujumbura, 12 Machi 2003

Yaya Norbert, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi huku wazima, ila magoti yangu yameanza kuzeeka kabla ya mwenyewe. Mama Pulchérie hajambo? Barua hii anakuletea Constance, yule wa samaki, maana kwa posta ingekukuta umeshakuwa babu.

Nina ombi moja. Unakumbuka kazi yetu ya maji, mwaka 1996: wewe huko Baraka, na antena juu ya borne, kile kinguzo cha saruji, mimi milimani nikipima chemchemi. Watu walikucheka kwamba kazi yako ni kukaa. Lakini mashine yangu ya GPS peke yake ilikuwa mwongo. Wenye satelaiti miaka ile walivuruga namba makusudi, ukapotea hata mita mia. Base yako, ile antena, haikusogea, na mahali pake palijulikana, kwa hiyo iliona uongo uleule dakika ileile. Tukiutoa kwenye namba zangu, kosa langu linabaki chini ya hatua moja.

Tarehe 12 Septemba mwaka ule, tukikimbia waliotuwinda, pumu ilimmaliza mama yangu Kabanyana njiani, mlimani juu ya kijiji cha Nundu. Tulimzika haraka, bila msalaba, tukiogopa asije akafukuliwa. Nikaweka mashine kichwani pake saa nzima. Namba zangu ninazo. Bwana mmoja wa vipimo hapa atafanya hesabu nikimletea disketi ya base ya siku ile, na wadogo zangu wanataka kumjengea kaburi. Ulipokuja kwetu, Mama alikuwa akikupa wewe maziwa kabla yangu, basi najua hutachoka kutafuta.

Mdogo wako,
Éliezer


Baraka, 30 Machi 2003

Mdogo wangu Éliezer,

Salamu nyingi. Huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Pulchérie amemaliza shule. Barua yako nimeisoma mara tatu. Pole tena kwa Mama.

Vitu vingi viliibwa, unajua vita. Disketi nyingine zilioza kwa unyevu. Nitaangalia. Lakini huwezi kupanda tu ukapatambua kwa macho? Wewe ulikuwa na macho ya mchungaji. Mvua ikipungua nitakuandikia.

Yaya wako,
Norbert


Bujumbura, 25 Mei 2003

Yaya,

Natumaini u mzima. Constance amevuka ziwa mara nne bila neno lako. Aliyetoka kule juzi anasema mlima sasa ni mashamba ya mihogo, kote kunafanana. Macho hayatoshi.

Nimempata Nicolas, mkubwa wetu wa kazi. Yuko hai, hapahapa mjini. Disketi ulizokuwa ukimtumia anazo zote, hadi tarehe 10 Septemba. Anayo pia kaye uliyompa baadaye, lile daftari la kazi ya kila siku, na kwenye tarehe 12 umeandika kwa mkono wako: base imefanya kazi siku nzima. Basi disketi ya siku hiyo iko wapi? Niambie ukweli tu, sitakasirika.

Mdogo wako,
Éliezer


Baraka, 9 Juni 2003

Mdogo wangu,

Sijui kama ninastahili kukuuliza hali. Mwili wangu ni mzima.

Disketi haipo kwa sababu base haikufanya kazi. Ilizimwa tarehe 11.

Kosa lilianza na lile jina. Kila asubuhi uliniita kwa redio yetu ya mkononi, base, base, Éliezer hapa, na pale karibu na soko la samaki watu walisikia. Kwetu sisi base ni antena. Kwao, siku zile za bunduki, base ni kambi ya askari. Wakaja wanaume sita na mapanga, mmoja wao Henri, tuliyeimba naye kwaya. Wakauliza, "Hii base iko ya nani?" Ningeweza kusema ni ya maji, ni ya bomba litakalonywesha watoto wao. Nikasema, "Iko ya Éliezer." Wakaniacha, wakabeba antena na betri. Nadhani ndiyo maana mlitafutwa kwa jina.

Redio ilikuwa mfukoni mwangu, hawakuiona. Kesho yake ukaniita: "Base, mama amekufa. Mi napima fasi, hapa tunamuzika. Base inaandika?"

Nilisikia sauti yako nikashindwa kukwambia nilichofanya. Nikajibu, "Ndiyo. Iko muzuri, endelea."

Ukakaa pale saa nzima kwa neno langu, na wanaowatafuta wako nyuma yenu. Jioni nikaandika uongo huohuo kwenye kaye. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu yalikuja siku ileile na hayajaondoka. Maziwa siyanywi tena. Nisamehe ukiweza.

Yaya wako, kama bado,
Norbert


Bujumbura, 1 Julai 2003

Norbert,

Barua imefika. Hatujambo.

Nimewaambia wadogo zangu kwamba hatutajenga. Mita mia kila upande ni mihogo ya watu, na hatuwezi kuing'oa yote tukimtafuta mama.

Woga nimekusamehe. Hata mimi nilikimbia. Na lile jina, mtu mwenye panga mbele yake husema lolote. Linalonishinda ni la redioni, maana pale hakuna aliyekushikia panga.

Siku ile, kabla ya kukuita, nilikuwa nimebeba jiwe jeupe kutoka mtoni. Kule juu mawe yote ni meusi, mimi ningelijua popote, na mwingine asingelijali. Nilitaka kuliweka kichwani pake. Uliposema niendelee, nikaona halina kazi tena, namba zinatosha, nikashuka nikalirudisha majini.

Éliezer wa Kabanyana