Mbeba Kuni wa Kadi ya Noeli

Bruxelles, 11 Desemba 2011
Mwaka wa saba tangu niondoke Lubumbashi

Mpendwa mdogo wangu Hervé,

Pokea salamu zangu nyingi. Magoti ya maman yanaendeleaje? Na wewe, kile kikohozi kimeisha? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kila ngazi ninayopiga deki.

Barua yako imenichoma. Unataka kuuza nyumba ya baba pale Katuba, maman ahamie kwa dada Nday, wewe upande ndege. Na sababu yako ni kadi ya Noeli niliyokutumia! Unasema umeitazama vizuri: watu wanateleza kwenye barafu, nguruwe anachomwa, milango iko wazi, kwa hiyo huku kuna nafasi ya kila mtu.

Bon. Picha yenyewe ya kadi hiyo imetundikwa kwenye ofisi ninayosafisha karibu na Schuman, mtaa wa maofisi ya Ulaya. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi. Tazama tena, pembeni kushoto: mtu ameinama chini ya mzigo wa kuni, theluji imemfika magotini. Kuni ni za moto ule ule wanaouota wenzake, na wote wamempa mgongo. Mustafa, Mrundi ninayefanya naye kazi, hunicheka: "Tonton, huyo wa kuni ni wewe, amekosa ndoo tu!"

Ijumaa wakubwa wa ofisi walifanya sherehe mbele ya picha hiyo. Divai ikamwagika, nikaitwa. Madame Mathilde, mkuu wao, alikuwa akiwaeleza wageni: "Oneni, tajiri na maskini wanafurahi pamoja." Akainua mguu nipitishe tambara, kama mtu anayempisha kuku, akaendelea kusema. Hakunitazama.

Unakumbuka kwa baba? Siku ya kuchinja nguruwe uani, aliyepasua kuni ndiye aliyeonjeshwa ini kwanza, hata akiwa mpita njia. Nimelitafuta jambo hilo kwenye picha nzima. Halimo.

Sikukatazi kusafiri. Lakini ua ule ukiuzwa, tutakuwa wabeba kuni wawili, na maman atazeekea kwenye chumba cha kuazima. Usiuze, Hervé.

Nisalimie maman yetu Victorine, dada Nday na tonton Kalenga. Mungu alinde mlango wenu na wote wanaoupita.

Nitarudi mwezi wa saba, wakati wa baridi yetu ile ndogo. Kuni nitapasua mwenyewe. Uniwekee ini.

Wako akupendaye hata akikugombeza,
Kaka yako mkubwa, yaya Jean-Pierre