O Iliyoshiba

Jumatano. Kisesa imeamka na manyunyu, saa nne jua likatoka, na sasa upepo wa ziwani unacheza na bati la jirani lililolegea. Moyo wangu mwepesi leo.

Jana nilikuwa nimeamua kuacha kazi.

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Ngoja nieleze tangu mwanzo.

Kanisa letu jipya linawekwa wakfu Jumapili hii, na kamati ilinipa bango la barabarani niliandike: KARIBU TUOMBE PAMOJA. Bati jeupe, rangi ya bluu. Nimekuwa fundi wa mabango tangu ujana. Nimeandika maduka, saluni, mitumbwi, mashine za kusaga. Ila hili la kanisani nililiona kama sadaka.

Niliandika kwa herufi peku. Ndivyo alivyoziita marehemu Fundi Masalu, aliyenifundisha. Herufi za kwenye Biblia yangu zina vikanyagio miguuni, kama zimevaa viatu. Hizi hazina. Mti wa herufi umenyooka, basi, na mtu wa pikipiki anazisoma bila kupunguza mwendo.

Jumamosi akaja katibu wa kamati, Mwalimu Veronika, mstaafu wa hesabu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Sasa baba, hii O yako imekula nini?"

Akatoa rula kwenye mkoba. Ndiyo, anatembea na rula. O zote mbili zilikuwa zimevuka mstari, juu na chini, kiasi cha unene wa uzi.

"Imeshiba kuliko wenzake. Irudishe kwenye mstari, askofu anakuja."

Wanakwaya waliokuwa mazoezini wakacheka, na mmoja akadakia, "Fundi, vaa miwani!"

Hilo la miwani lilinichoma. Miezi hii Biblia naishika mbali, kama mtu anayechungulia barua ya mwenzake. Na zile O sikuzivusha kwa bahati mbaya. Fundi Masalu alinifundisha kuipitisha O nje kidogo, sababu hakunipa, nami sikuuliza. Nilidhani ni mazoea ya mkono wake tu.

Jumatatu nikapiga uzi wa chaki kuchora mistari upya, nikazinyoa zile O zikakaa ndani ya mstari. Jana nikavuka barabara kuzitazama. Zimenyauka! Nikarudi na rula: ziko sawasawa kabisa na wenzake. Nikavuka tena: zimenyauka.

Rula inasema sawa, macho yanakataa. Nikajua macho yamekwisha.

Niliomba nikiwa nimesimama palepale kando ya lami. Bwana, kama kazi hii imefika mwisho, niambie taratibu.

Leo asubuhi nikaenda Butimba kwa binti yangu Grace, mwenye steshenari karibu na chuo cha ualimu. Nilitaka anichapie herufi kubwa nizifuatishe kwa penseli, bango langu la mwisho nilimalize bila kuyategemea macho haya.

"Baba, unataka fonti gani?"

"Peku."

Akacheka, maana jina hilo amekua nalo. Akanifungulia moja inayoitwa Helvetica. Nikaitazama kwenye kioo cha kompyuta nikasahau kilichonileta. Nilimuuliza maswali mpaka wanafunzi waliosubiri kuchapiwa wakaanza kukohoa. Grace akanisomea kutoka kwenye simu: ilichorwa Uswisi miaka ya hamsini, na jina limetokana na jina la Kilatini la nchi hiyo. Mmoja wa waliohusika aliwahi kuwa muuzaji wa herufi za kuchapishia kabla hajapewa kazi ya kuzichora. Na herufi peku zilipoanza kutumika huko Ulaya, zamani zaidi, watu waliziona za ajabu, hata jina walilozipa lilikuwa na maana hiyo. Leo zimejaa kila mahali.

Akachapa M na O kwenye karatasi moja. Kwa mazoea nikaweka rula.

O imevuka. Juu na chini.

"Grace, mashine yako ina kasoro."

"Baba! Ndivyo ilivyochorwa." Akatafuta tena kwenye simu, akanisomea polepole. Herufi ya mviringo inaugusa mstari kwa nukta tu, wakati M inaukanyaga kwa miguu yake yote. Ukizisawazisha kwa rula, jicho linaiona O ndogo. Kwa hiyo mchoraji anaisukuma nje kidogo, ili zionekane sawa.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mtu wa Uswisi ambaye hakuwahi kumla samaki wetu sato, na Fundi Masalu aliyeishia darasa la nne, waliona kitu kilekile.

Na macho yangu nayo yalikiona. Hayakuwa yamekwisha.

Nilirudi moja kwa moja kwa Mwalimu Veronika. Akaipima ile karatasi mara tatu, akaigeuza juu chini, akapima tena. Nikamwomba avuke barabara pamoja nami. Akasimama akilitazama bango, mkoba kifuani.

"Kumbe nimeitia njaa," akasema. Halafu akairudisha rula mkobani. "Haya fundi, ilishe."

Miwani ya kusomea nitanunua, hilo nakiri. Wanakwaya watafurahi. Lakini kuna swali limenikaa tangu mchana, na wa kumuuliza tulishamzika: Fundi Masalu aliijua sababu, au naye alifundishwa na mtu ambaye hakumuuliza?

Rangi nimeshaikoroga. Manyunyu yakiwahi kukatika kesho, naanza na O ya kwanza.