Marahaba ya Mbuzi

Jumamosi, Kaloleni

Na bado kuna watu wanadhani somo la usanifu wa umeme ni hesabu tu.

Kifaa cha kundi letu kinafanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mbuzi akisogelea bustani ya bibi yangu kule Tengeru, spika inamfukuza kwa sauti ya bibi mwenyewe, tuliyoirekodi: "Toka hapo, mwizi wa mboga!" Ila hakitofautishi mbuzi na mtu.

Leo mchana tulikuwa jikoni kwa bibi tukifunga nyaya. Mzee wa kanisa akapita kando ya bustani, akaita kwa heshima, "Shikamoo, mama!" Kifaa kikamjibu kama tulivyokifundisha.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee aligeuka akaondoka.

Bibi alikasirika mpaka akaweka mwiko chini. "Kumwita mwizi, sawa, mchicha wangu anachuma kweli. Lakini mtu ananiamkia, nisiitikie? Watasema sikulelewa!"

Nikampigia mwalimu wetu, nikitumaini atatutetea. Akauliza, "Mteja wenu ni nani?" Nikasema ni bibi. "Basi tekelezeni anachotaka. Ndiyo maana ya usanifu."

Tumerekodi upya. Jumanne tunaonyesha mbele ya wahandisi watatu walioalikwa, na hiyo ni nusu ya alama zangu za mwaka. Mbuzi ataingia, kengele ya kifaa italia, kisha sauti ya bibi, taratibu, kwa upendo:

"Marahaba, mwanangu. Toka hapo, mwizi wa mboga."