Mti Niliouvua Majani

Jumapili, 16 Juni

Leo tena sikuumwagilia. Kiangazi kimeshika, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Mboga za lengalenga nimezinywesha, vitunguu nimevinywesha, hata yale maua ya mlangoni yasiyo na faida. Mti wa pruni peke yake nimeupita na ndoo mkononi kama mtu niliyegombana naye. Ndivyo Deo alivyosema. Kiangazi kikianza, uache na kiu yake.

Ni mti mfupi, nikinyoosha mkono nagusa ncha. Haukui zaidi ya hapo, ndiyo aina yake. Deo aliutoa kwenye bustani ya masista, kule milimani juu ya Bukavu, enzi akiendesha lori. Aliuleta huku kwetu Kamembe, upande huu wa mpaka, ameupakata kwenye kabini, simenti yote nyuma, mti mbele. Pruni zenyewe, akasema, plamu za Wazungu, siyo vinyomoro, zile nyanya-miti za sokoni. Akauchimbia shimo katikati ya kiwanja chetu, mahali nilipotaka kuanika nguo. Tuligombana wiki nzima.

Haukuwahi kutoa hata ua moja. Mwaka jana mtunza bustani wa masista akamfundisha siri yake. Kabla Deo hajaijaribu, alianguka asubuhi akivaa viatu. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mume wangu akaisha hivyo.

Mtoto hatukupata. Nataka mti huu utoe maua. Mwaka huu sina kingine ninachotaka.

Jumatano, 3 Julai

Nimefunga matawi kwa kamba na kuning'iniza mawe ili yainame. Tawi lililoinama ndilo linalozaa, eti. Mama Aziza, jirani yangu muuza vitenge, akachungulia juu ya ua. "Vumi, unafunga muti kama mbuzi? Utakimbia uende wapi?" Nilicheka. Sijui mara ya mwisho nilicheka lini.

Jumamosi, 13 Julai

Leo nimeuvua majani. Yote.

Kazi yenyewe ni ya subira na mimi subira sina, Vumilia ni jina tu. Ukivuta jani ovyo linatoka na jicho lililo chini yake, na jicho ndilo ua la kesho. Kwa hiyo unakata kikonyo kwa kucha, jani linaanguka, kishina kinabaki kulinda jicho. Moja moja. Nimeanza chai ikiwa bado ya moto, nimemaliza jua limeshakwenda upande wa Kongo. Kucha zimekuwa nyeusi.

Deo alinieleza maana yake. Mti huu ni wa nchi za baridi. Kwao baridi inakuja, inaunyang'anya majani, mti unalala, ukiamka unachanua. Huku kwetu baridi haiji, basi mti unakaa macho mwaka mzima kama mlevi, hauzai. Baridi ni wewe, alisema. Mimi nikamwambia aache maneno mengi, ale.

Sasa umebaki fito tupu. Nimeutazama nikalia kwa hasira. Alipaswa kuifanya yeye kazi hii.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani walinisalimia kwa sauti ya chini. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 19 Julai

Nimejua kwa nini. Mama Aziza kaniambia wazi, hana tabia ya kuzunguka. "Vumi, bantu banasema muti ya Deo imekauka sababu yako. Eti mume kwanza, sasa muti." Mteja mmoja pale kwenye cherehani yangu naye akanishauri nitafute maombi. Nikamchoma na pini kidogo wakati wa kumpima. Nikasema samahani.

Waseme. Nilitaka kwenda nyumba kwa nyumba kueleza habari za baridi na usingizi wa mti. Halafu nikaona, nani ataamini? Mwanamke kavua mti majani kwa makusudi yake. Watasema sasa amerukwa na akili kabisa.

Jumatatu, 29 Julai

Bado. Nimekwangua gome kwa ukucha. Ndani ni kijani. Hai.

Mukecuru amepiga simu kutoka Giheke. Mama yake Deo. Siku ya kutosha matanga, kumaliza kilio, imepangwa, tarehe kumi, nyumbani kwangu, mwaka umetimia. Tumeongea maharagwe, ndizi, viti vya kuazima. Mwishoni akauliza, na ule mti wa mwanangu? Nikamjibu upo. Akasema Mungu atusaidie, akakata simu. Kumbe maneno yamefika mpaka Giheke.

Hajawahi kunitukana, mukecuru. Alikuwa ananitumia dawa za kienyeji za kupata mimba, kwenye chupa ya Fanta, bila neno. Bora angenitukana.

Jumapili, 4 Agosti

Macho yamevimba! Yamevimba, yamevimba. Kila jicho lina ncha nyekundu, ndogo kama pua ya panya. Nimezunguka mti nikipiga vigelegele peke yangu. Nikaumwagilia ndoo tatu, sasa ndio wakati wake wa kunywa. Nikamwita Mama Aziza. Akavaa miwani, akainama, akasema, "Naona chunusi tu." Nikamwambia asubiri, wiki moja au mbili, atakuja kuomba msamaha akiwa ameshika kikapu.

Tarehe kumi watakuja wote, na Mungu akipenda utakuwa umechanua. Watauona. Mukecuru atauona. Nitamwambia, haya, hiki ndicho alichokiacha mwanao. Sitamwambia mapema. Nataka aone kwa macho yake.

Jumatano, 7 Agosti

Umekatwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Jana sikuweza kuandika zaidi.

Nilishinda kazini, sare za shule zimenifika shingoni. Niliporudi nikakuta geti wazi. Kiwanja kimefagiliwa mpaka pembeni. Nguo zangu zimefuliwa, zimeanikwa. Harufu ya maharagwe. Mukecuru alikuwa amekuja na basi la asubuhi, siku tatu kabla, kunisaidia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Kweli nilimshukuru, mlangoni pale, viatu mkononi.

Halafu nikaona zile nguo zimeanikwa kwenye kamba mpya, na katikati ya kiwanja pamekuwa peupe.

Nilikimbilia jikoni. Fito zilikuwa chini ya chungu. Nyingine majivu tayari. Moja ilikuwa inawaka upande mmoja, na upande wa nje, ule ambao moto haujafika, macho yalikuwa yamepasuka. Maua meupe mawili. Joto la moto lilikuwa limeyafungua.

Nilishika ile fito na mkono mtupu. Nina malengelenge.

Nilimwambia yote palepale. Nilipiga kelele. Kwamba mti ulikuwa hai, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeuvua majani, kwamba ulikuwa unachanua wiki hii. Kwamba ameua kitu cha mwisho cha mwanawe. Nilisema hivyo: ameua.

Alikaa chini, penye majivu. Akasema: "Nilisikia banakuita mulozi, mutoto wangu. Kwetu hatutoshi matanga na kitu kikavu mu kiwanja. Nikasema nitoshe ule muti mbele bageni bafike, basikuone na ule muti." Basi.

Amekuja kunisafisha jina. Ndivyo alivyonifanyia. Panga alilitoa Giheke, amelifunga kwenye kitenge.

Jumamosi, 10 Agosti

Tumetosha matanga. Walikuja wengi. Wamenipa kitenge kipya, wameniosha mikono, wamesali. Padri amesema maneno mazuri, siyakumbuki. Wamekula maharagwe. Mimi sikuyagusa. Mukecuru naye hakuyagusa. Tulikaa mkeka mmoja, hatukutazamana.

Mtu mmoja akasifu: kiwanja kimekuwa safi sasa.

Wameniambia nimetoka kwenye kilio. Uongo mtupu. Ndio kwanza nimeingia.

Jumapili, 18 Agosti

Mukecuru amegoma kurudi Giheke. Wageni wote wameondoka, yeye yupo. Hali chakula, anakunywa chai tu, anapungua. Asubuhi anaamka kabla yangu, anamwaga maji kwenye kisiki. Maji ya kuoshea mchele, maji ya kunawia, chochote. Anakaa pale kwenye kigoda, mgongo wake kwangu.

Inanikasirisha. Nilitaka niwe na hasira peke yangu, niimalize. Utamkasirikiaje mtu anayenywesha kisiki?

Sijaongea naye zaidi ya shikamoo.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimempigia mtunza bustani wa masista. Pole nyingi. Anaweza kunipa mti mwingine, nivuke tu mpaka wa Kongo nikauchukue. Nikamwambia hapana, asante. Mama Aziza kasikia, kasema maji yakimwagika hayazoleki, Vumi, chukua mwingine uupande. Asemayo ni kweli. Lakini mwingine utakuwa wangu, siyo wa Deo. Sitaki wangu. Ninayo mengi yangu.

Jumanne, 3 Septemba

Mvua ya kwanza. Usiku kucha juu ya bati. Asubuhi kisiki kimelowa, cheusi. Mukecuru kakohoa sana. Nimempikia uji wa mtama, nimemwekea pembeni, nimeondoka kwenda kazini. Niliporudi kikombe kilikuwa kimejaa, kimefunikwa na sahani asiingie nzi.

Jumapili, 22 Septemba

Leo aliniita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Deo akiwa hai. "Vumilia! Vumilia we! Kuya uone!" Nilidhani nyoka.

Amepiga magoti kwenye matope. Kisiki kimechipua. Vichipukizi viwili, majani membamba, yanang'aa. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa na kulia kwa pamoja, ananishika pindo la gauni. Hukuua, Mama, hukuua, alikuwa anajiambia mwenyewe. Mungu ameurudisha. Ameurudisha mti wa mutoto wangu.

Niliinama nitazame.

Mti wa namna hii ni miti miwili. Chini ni mpeshi, yaani mpichi wa kienyeji, mizizi yake inajua udongo huu. Juu yake, karibu na ardhi, wamepandikiza kijiti cha pruni, wakafunga kwa nailoni mpaka vikashikana. Mahali vilipoungana panabaki kifundo, kama kidole kilichovunjika kikaunga vibaya. Pruni yote iko juu ya kifundo. Panga la mukecuru lilipita chini yake.

Vichipukizi vinatoka chini. Ni peshi. Zile ndogo ngumu zenye manyoya, watoto wanazirushia mbwa. Hata jani moja la pruni halitatoka pale tena, leo wala milele.

Alikuwa ananitazama, uso umejaa matope na machozi. Nikafungua mdomo. Nikasema: "Kweli, Mama."

Nikaenda chooni nikalia huko.

Jumatatu, 23 Septemba

Nilifikiri asubuhi nitamwambia. Nimemkuta ameshazungushia vijiti na kipande cha chandarua ili kuku wasidonoe. Sikumwambia. Jana ilikuwa mara ya kwanza kumwita Mama na moyo ukakubali. Ajabu ya Mungu, kwa uongo.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua imetulia. Ziwa limekuwa jeupe kwa ukungu, Bukavu ng'ambo haionekani. Tumekula nje, mimi na Mama, ugali na ndagala, dagaa wa ziwani kutoka Nkanka. Vichipukizi vimefika magotini. Vinakua haraka, peshi ndivyo ilivyo.

Aliniuliza pruni inafananaje. Sikuwahi kuila. Nilimwambia alivyonieleza Deo, kwamba ni nyekundu kwa ndani, kwamba ukiuma maji yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Akacheka kidogo. Akauliza kama Deo aliila kweli au alikuwa anajisifu. Nikasema aliila kwa masista, akachafua shati, nikalifua mimi, doa halikutoka.

Akamega ugali. Akaula. Akamega tena.

Halafu akauliza, bila kunitazama, kama huu ni ule ule. Mti wa Deo wenyewe, ama Mungu ametupa mwingine.

"Ni ule ule, Mama," nikasema. "Ni wake."

Akaitika kwa kichwa, akasogeza sahani ya ndagala upande wangu.