Ndoo ya Baba na Wanyama wa Kileleni

Shambani, Queensland, Australia
4 Novemba

Mwanangu Bronwyn,

Hujambo huko mlimani? Moshi umekutoka kifuani? Mimi mzima, mgongo tu ndio mtundu.

Tangu msitu uteketee, panya wamehamia kwangu hapa chini ya mlima, ukoo mzima. Nimetega ndoo kama mwaka ule walipotuvamia: maji nusu, juu kopo la bia kwenye waya, limepakwa siagi ya karanga. Akikanyaga, kopo linazunguka, anatumbukia, kwaheri ya kuonana! Ila panya gani hawa? Pua ndefu kama ya mjomba wako Clive. Paka anawaua lakini hawali. Wewe je, umewapata wanyama wako unaowatafiti?

Baba yako

Kambini
9 Novemba

Baba, shikamoo.

Kifua nafuu. Baba, itoe hiyo ndoo sasa hivi! Hao si panya. Ni wanyama wadogo wanaokula wadudu, ndugu wa mbali wa kangaruu. Wako wa aina mbili, wanafanana kama mapacha. Wa kahawia ni wengi, hata mabondeni. Ninayemtafuta mimi ana mduara wa rangi ya machungwa machoni na mkia mweusi tii. Aliishi kwenye kilele hiki tu, nacho sasa ni majivu. Madume wote hufa baada ya msimu wa kupandana, kwa hiyo waliobaki ni majike wenye mimba au watoto. Watazame macho na mkia, nakusihi. Posta inashuka mara moja kwa wiki, naogopa.

Mwanao Bronwyn

Shambani
15 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi si mzima, sitakudanganya. Nimefukua shimo la mbolea nilikowamwaga, nikawaosha mmoja mmoja bombani na kuwakausha, maana wakilowa wote huonekana weusi. Wa kahawia wamo. Wa macho ya machungwa ndio wengi. Mmoja ana watoto wameng'ang'ania chuchu, wadogo kama punje za mchele.

Ndoo nimeipasua kwa shoka, paka nimemfungia. Nyama niliyowawekea kibarazani waliosalia, kama wapo, haijaguswa. Usinifariji eti sikujua. Niambie tu kama huko juu umempata hata mmoja.

Baba yako

Kambini
21 Novemba

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Hapana, baba. Tumekusanya mitego yote, mitupu. Jumamosi nitakuwa nyumbani.

Usiwazike. Waweke kwenye friji wasioze, na yule mama na watoto wake vilevile. Sina wengine.

Mwanao Bronwyn